Shajara ya kontrola ya MPPT ya saluni ya mjomba: kilichoungua, kilichopona na gharama zake

14 Januari 2024: Boksi lisilo na koili

Mjomba ana saluni ya kunyoa katika kijiji kimoja njia ya kwenda Amani, juu ya Muheza, mkoani Tanga. Nguzo za umeme hazijafika kwake. Ana mashine mbili za kunyolea, taa tatu, redio, na ubao wa kuchajia simu za watu. Hizo simu zinamwingizia hela kuliko vichwa. Analalamika kwamba betri, ya ampea-saa 100, inaishiwa kabla ya saa mbili usiku ilhali paneli yake ya wati 100 inashinda juani.

Nilianza na kontrola, lile boksi linalosimamia chaji kati ya paneli na betri. Imeandikwa MPPT (kifupi cha Kiingereza cha kufuata kilele cha nguvu za paneli) kwa herufi kubwa, aliinunua shilingi 35,000. Nilipoifungua nilikuta mosfeti mbili (swichi za kielektroniki), kichipu kimoja na kapasita. Koili hakuna. Kontrola ya MPPT ya kweli inaiacha paneli ifanye kazi kwenye volti zake yenyewe, halafu inazishusha hadi za betri huku ampea zikipanda, na kushusha huko bila koili hakuwezekani. Hii ya mjomba inaikokota paneli hadi kwenye volti za betri na kuishikilia hapo. Paneli iliyoandikwa volti 18 inafanyishwa kazi kwenye 13, na tofauti yote inapotea.

Nikaamua kumtengenezea. Ninaandika hatua zote, hata za aibu, ili atakayenakili asiunguze nilivyounguza mimi.

Nina mwongozo mmoja ambao nimeuchapisha na kuubandika ukutani juu ya meza ya lehemu. Ni kazi ya R. D. Middlebrook, Mwingereza aliyezaliwa 1929, akaingia chuo kikuu cha Caltech kule Marekani mwaka 1955 na kufundisha huko hadi alipostaafu 1998; alifariki 2010. Mwaka 1976 yeye na mwanafunzi wake Slobodan Ćuk walionyesha njia ya kupiga hesabu za saketi za kuwasha na kuzima bila kupagawa. Swichi inabofya mara maelfu kwa sekunde. Badala ya kuikimbiza kila inapobofya, unaandika hesabu ya hali ya kuwaka, unaandika ya hali ya kuzima, kisha unazichanganya kwa uzito wa muda ambao kila hali inachukua. Kwa saketi yangu, hesabu yote hiyo inaishia hivi: volti za betri ni sawa na volti za paneli zikizidishwa kwa sehemu ya muda ambao swichi ya juu, ile inayounganisha paneli na koili, imewaka. Hiyo sehemu ya muda nitaiita uwiano kuanzia hapa.

28 Januari: Bodi ya kwanza

Nimetumia Arduino Nano, kompyuta ndogo ya kuendeshea saketi, ya kunakiliwa (22,000), kichipu cha kuendeshea mosfeti IR2104, nikachukua viwili kwa tahadhari (7,000), mosfeti tano za IRFZ44N (7,500), kipima mkondo ACS712 cha ampea 30 (9,000), na pawa saplai mbili za kompyuta zilizokufa, kutoka kwa wauza vyuma chakavu (8,000). Ndani ya hizo saplai nimepata pete za njano na nyeupe za kuzungushia koili, dayodi za Schottky, kapasita na mabati ya kupoozea. Vikorokoro vingine, pamoja na boksi, 15,000. Jumla 68,500.

Koili ni mizunguko 19 kwenye pete moja, kama mikrohenri 33. Swichi inabofya mara 50,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo Nano ina hatua 320 tu za uwiano, na zinatosha. Angalizo kwa anayeiga: usitumie amri ya kawaida ya Nano, analogWrite. Kwenye pini 9 na 10 inatoa mibofyo 490 tu kwa sekunde, na koili ndogo hivi kwa kasi hiyo ni sawa na kufunga waya moja kwa moja. Panga Timer1, saa ya ndani ya Nano, mwenyewe.

Programu ni ile ya sukuma-tazama: ongeza uwiano hatua moja, pima wati, zikipanda endelea upande uleule, zikishuka geuza. Mezani ilifanya kazi mara ya kwanza, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi.

4 Februari: Mosfeti imeungua kabla ya chai

Jumamosi nilifunga kwa mjomba, nikalala huko. Jumapili saa mbili asubuhi kulikuwa na harufu. Mosfeti ya juu imepasuka kichwa, fyuzi iko salama.

Nimepoteza nusu siku nikilaumu mosfeti kuwa feki. Kosa lilikuwa langu. Mosfeti ya juu, ili iwake, inahitaji volti za lango (mguu wake wa kuiwashia) zilizo juu ya volti za paneli, na IR2104 inazipata kutoka kwa kapasita ndogo inayojazwa kila mosfeti ya chini inapowaka. Alfajiri paneli ina volti chache, kwa hiyo programu ikawa inapandisha uwiano, inapandisha, mpaka ikafika 320 kati ya 320. Hapo mosfeti ya chini haiwaki tena. Kapasita ikaisha chaji, mosfeti ya juu ikabaki nusu wazi nusu imefungwa, na jua lilipokolea ikajibanika yenyewe.

Tiba ni mstari mmoja: uwiano usizidi 304, yaani asilimia 95. Nimeweka pia kapasita ya mikrofaradi 1 mahali pa ile ndogo niliyokuwa nimeokota kwenye saplai. Hasara: mosfeti moja, shilingi 1,500, na staftahi.

17 Februari: Paneli kavu penye umande

Hili ndilo kosa ninalolipenda, maana hakuna kilichonionya isipokuwa umande.

Mjomba alipiga simu: "Mjomba, betri yako inaliwa usiku." Betri ni yake, lakini ikiharibika inakuwa yangu. Nikapanda. Saa nne usiku nilitoka nje na tochi. Mabati ya saluni yamelowa umande, majani ya mchungwa yanadondosha maji, na paneli iliyo juu ya mabati hayohayo ni kavu. Nikaweka kiganja kwenye kioo: vuguvugu, kama mgongo wa redio iliyoimba kutwa. Mita ikasema betri iko volti 12.1.

Kwenye saketi hii mosfeti ya chini imechukua nafasi ya dayodi ili kuokoa nishati. Dayodi inapitisha mkondo upande mmoja tu. Mosfeti haina adabu hiyo. Jua likizama na swichi zikaendelea kubofya, koili inageuza kazi: inachukua volti za betri na kuzipandisha kuelekea kwenye paneli. Uwiano ulikuwa umekwama karibu asilimia 60, kwa hiyo saketi ilikuwa inajaribu kuishikilia paneli kwenye volti 20 gizani. Paneli gizani ni mlolongo wa dayodi. Ukiipa volti za kutosha inakunywa ampea na kuzigeuza joto.

Nimetibu mara mbili. Kwanza, programu ikiona mkondo wa kuingia kwenye betri chini ya ampea 1, inaishusha pini ya SD (ya kuzimia) ya IR2104 na mosfeti zote mbili zinalala. Kila baada ya sekunde 30 inaamka kutazama kama jua lipo. Pili, nimeweka dayodi ya Schottky kutoka kwenye ile saplai, katikati ya paneli na bodi. Inakula karibu nusu volti. Wajuzi wataniambia niweke mosfeti ya pili iliyogeuzwa mgongo. Najua. Nusu volti nimeitoa sadaka, ili nilale.

Siku hiyohiyo nilisafisha kelele za kipima mkondo. Kila hatua ya Nano kwenye ACS712 ni kama miliampea 74, na mibofyo ya koili inazitikisa, hivyo programu ilikuwa ikifuata kelele ikidhani ni wati. Sasa nachukua wastani wa vipimo 64 na kusogeza uwiano mara tano kwa sekunde.

2 Machi: Namba za kuvunja moyo

Mchana wa jua kali, saa sita na nusu. Boksi la zamani lisilo na koili: ampea 5.3 kwenye betri. Langu: ampea 5.6.

Wiki saba kwa ajili ya ampea 0.3!

Nilikaa kwenye benchi la wateja nikaangalia kipimajoto nilichobandika mgongoni mwa paneli: nyuzi 58. Hapo ndipo palipo na siri. Zile volti 18 za kwenye lebo hupimwa seli zikiwa na nyuzi 25, jua la wati 1,000 kwa mita ya mraba. Paneli ya silikoni hupoteza volti kadiri inavyopata joto, na kilele cha nguvu cha hii yangu mchana huo kilikuwa volti 15.6. Betri inayochajiwa iko 13.1. Ukitoa nishati inayoliwa na saketi yenyewe, hakuna kubwa la kuokoa. Lile boksi la 35,000 halikuwa linamwibia mjomba kama nilivyodhani, walau si kwa paneli hii na kwa joto hili.

Kwa hiyo anayesoma ajue mapema: kwa paneli ya seli 36 kama hii na betri ya volti 12, huku kwetu, MPPT haikulipi. Nunua kontrola ya kawaida, tena ile isiyodanganya jina lake. Kazi hii inaanza kuwa na maana paneli ikiwa na volti nyingi kuliko betri kwa mbali. Nayo ni habari njema kwa njia nyingine, kwa sababu paneli kubwa za seli 60 zilizokwisha tumika zinauzwa kwa bei ya chini ukilinganisha wati kwa wati, na wenye mifumo ya volti 12 wanazikwepa.

23 Machi: Paneli ya seli 60, na koili inayolia

Nimepata paneli ya wati 250 iliyotumika, shilingi 130,000, kona moja ya fremu imepinda. Lebo: volti 30.5, ampea 8.2. Ile ya wati 100 tumeiuza 60,000.

Dakika kumi baada ya kuwasha, bodi ilianza kulia kwa sauti nyembamba kama mbu kwenye chandarua. Mosfeti zote mbili ziliondoka pamoja na IR2104 nilipokuwa bado natafuta sauti inatoka wapi. Pete ilikuwa ya moto kiasi cha kuchemsha tone la jasho.

Koili yangu ilikuwa inatosha kwa ampea 5. Sasa zinapita 13. Pete za unga wa chuma hazishibi ghafla, zinalegea taratibu: kadiri ampea zinavyopanda ndivyo mikrohenri zinavyoshuka, mawimbi ya mkondo yanakua, pete inapata joto zaidi. Nimebandika pete mbili pamoja kama sahani zilizopangwa, nikazungusha mara 14 kwa nyaya nne nyembamba zilizosokotwa kuwa moja. Kwa pete mbili mizunguko michache inaleta mikrohenri zilezile, na mizunguko michache maana yake pete inashiba kwa kuchelewa. Pete ya pili ilitoka kwenye saplai nyingine, 4,000. Hakikisha rangi na ukubwa wa pete vinafanana. Niliwahi kuchanganya njano-nyeupe na kijani nikapata koili isiyoeleweka.

Saa sita mchana, baada ya matengenezo: paneli volti 25.8 kwa ampea 7.2, betri volti 13.4 kwa ampea 12.9. Wati 186 zinaingia, 173 zinatoka, yaani asilimia 93. Boksi la zamani kwenye paneli hiyohiyo lingeishia kwenye wati 100 na ushei. Mjomba hakuuliza asilimia. Aliuliza kama anaweza kuongeza ubao wa pili wa simu.

20 Aprili: Wingu la masika

Masika yamefika na yameleta tatizo ambalo jua la kaskazi lilikuwa limelificha.

Betri ya risasi na asidi inachajiwa kwa awamu. Kwanza inapewa kila kilichopo. Ikifika volti 14.4, inashikiliwa hapo huku ampea zikipungua. Programu yangu ilikuwa na sura mbili: chini ya 14.4 ilitumia sukuma-tazama, ikifika 14.4 iliacha kutazama wati, ikafuata kanuni moja tu: betri ikishuka ongeza uwiano, ikipanda punguza.

Mchana nikiwa naangalia, betri imeshikwa 14.4 inakunywa ampea 10, wingu likapita. Volti za paneli zikaanza kuporomoka: 27, 24, 19, 15. Wingu likaondoka, jua likarudi kuchoma shingo, paneli ikabaki 15. Uwiano uko 304, ampea 7.9, betri 14.0 na haipandi. Dakika arobaini. Nilipochomoa fyuzi na kuirudisha, kila kitu kikakaa sawa hadi wingu lililofuata.

Nilisoma programu mstari kwa mstari nikitafuta hitilafu ya uandishi, na haikuwepo. Jibu lilikuwa kwenye karatasi iliyo ukutani. Mwaka huohuo wa 1976 Middlebrook aliandika pia juu ya vichujio vinavyowekwa mbele ya saketi za aina hii. Hoja yake ni hii: saketi inayolazimisha matokeo yake yasibadilike ina tabia ya ajabu ikitazamwa kutoka upande wa chanzo. Kitu cha kawaida, taa au hita, ukikipunguzia volti kinapunguza ampea. Saketi hii ukiipunguzia volti inaongeza ampea, kwa sababu imeapa kutoa wati zilezile. Ni ukinzani hasi. Ukiiunganisha na chanzo chenye ukinzani mkubwa mno, vitu viwili hivi vinavutana mpaka mmoja unaanguka.

Yeye alikuwa anazungumzia vichujio. Mimi nikaisoma sehemu ile nikiweka paneli mahali pa kichujio. Paneli ikifanya kazi kulia kwa kilele chake, yaani upande wa volti nyingi, ukivuta ampea zaidi unapata wati zaidi, na mambo yanatulia. Ukivuka kilele kwenda kushoto, kila unapovuta ampea volti zinaanguka zaidi ya ulichopata. Wingu liliposhusha kilele, saketi yangu iliyoapa kutoa 14.4 ilivuta, ikakosa, ikavuta zaidi, ikavuka. Upande ule wa pili hakuna cha kuirudisha, maana kanuni pekee iliyobaki inasema betri iko chini, ongeza.

Middlebrook alisisitiza hesabu iandikwe kwa namna inayoonyesha kila kipande kimetoka kwa kifaa kipi, ili ukiwa na tatizo ujue pa kushika. Ndivyo ilivyonisaidia. Sikuhitaji kubadilisha kifaa hata kimoja. Nimefuta sura ya pili ya programu. Sasa sukuma-tazama inafanya kazi wakati wote, kushikilia 14.4 kunaruhusiwa kufanya jambo moja tu, kupunguza uwiano, yaani kuisogeza paneli kulia ambako ni salama. Betri ikishuka chini ya 14.4, uongozi unarudi kwa sukuma-tazama, ambayo haikubali kuongeza uwiano kama wati zinashuka.

Nimeijaribu kwa kuifunika paneli kwa khanga na kuifunua ghafla, mara ishirini. Mara zote imerudi ndani ya sekunde kama sita. Shangazi anataka khanga yake ifuliwe.

22 Juni: Mnazi wa saa tisa

Kila siku saa tisa alasiri wati zinaanguka hadi 38 na kukaa hapo kwa saa nzima. Ni kivuli cha mnazi, kinalala kwenye theluthi moja ya paneli.

Paneli ya seli 60 imegawanywa kwenye mafungu matatu ya seli 20, kila fungu lina dayodi yake ya kupitia pembeni. Fungu moja likiwa kivulini, kunakuwa na vilele viwili: kimoja cha volti karibu 27 kwa ampea kidogo, kingine karibu 17 ambapo mafungu mawili yenye jua yanafanya kazi kwa nguvu zote na la tatu linarukwa. Sukuma-tazama hupanda kilima ilichokikuta miguuni na kuridhika. Haijui kwamba nyuma kuna mlima.

Nimeandika kipengele kinachopitia uwiano wote kila baada ya dakika tano, kwa muda usiozidi sekunde mbili, kinakumbuka palipo na wati nyingi na kuanzia hapo. Saa tisa na robo: wati 96 badala ya 38. Nilitumia jioni kumi na moja kukiandika na kukirekebisha, ikiwemo moja nzima kwa kosa la alama ya kutoa.

Mjomba alisikiliza maelezo yote, akamaliza kumnyoa kijana aliyekuwa kitini, akapanda juu na spana namba 13 na kuisogeza paneli mita mbili upande wa barabara. Kivuli hakiifikii tena. Boliti nne. Kipengele nimekiacha kwenye programu, kwa ajili ya majani na kinyesi cha kunguru.

10 Agosti: Hali ilivyo

Zaidi ya miezi minne haijaungua. Vifaa vyote vya bodi, pamoja na vilivyoteketea na fyuzi za 2,000, vimegharimu 74,500. Nauli za safari tisa 36,000, ambazo huwa tunasahau kuziandika. Paneli, baada ya kuuza ile ya zamani, 70,000. Muda wangu sijauwekea bei, mke wangu ameuwekea.

Asubuhi kabla ya jua betri inasoma 12.5 hadi 12.6, wakati Januari ilikuwa inalala kwenye 11.9. Kinachobaki ni kurekebisha zile 14.4 kulingana na joto la betri: chumba cha saluni kinafika nyuzi 35, na betri ya aina hii inataka volti zishushwe kidogo joto likipanda, ama sivyo inakaushwa maji yake ya ndani polepole. Kipimajoto nimeshanunua, pini ya Nano ipo. Pia boksi la plastiki limeanza kulegea karibu na koili, nitahamia kwenye bati.

Na mjomba amepata friji ndogo ya soda, ya volti 220, anasema ni ya wati 90 tu. Nimemwambia asiiwashe mpaka nije na mita.